Mazungumzo ya Juma: Kodi ya Nyumba za Umma Ipimwe kwa Kipimo Gani?



Juma lililopita nalikuwa safarini kutoka Kitale kwenda Bungoma kwa kazi ya ofisi. Tulipofika Kiminini akapanda mzee mmoja, mkulima wa mahindi, akaketi kando yangu. Baada ya kujuliana hali akaniuliza nakaa wapi. Nikamjibu ya kuwa nakaa katika nyumba za serikali. Akauliza tena, "Nawe walipa kodi kiasi gani kwa mwezi?" Nikamwambia. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mjukuu wangu hupakia magunia sokoni. Hulipa zaidi ya hiyo kwa chumba kimoja cha mabati, na maji huyanunua kwa mtungi. Wewe mwenye mshahara umepewa rahisi, na yeye asiye na mshahara ameuziwa ghali. Ni nani aliyeipanga hesabu hiyo?"

Sikuwa na jibu. Kwa sababu hiyo nimeona vyema juma hili tuzungumze juu ya kodi ya nyumba za umma. Na mjue tangu mwanzo ya kuwa ninaposema juu ya jambo hili nasema juu ya mfuko wangu mwenyewe.

Kwanza tutazame tulikotoka. Zamani za ukoloni, katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa, mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu wa kitanda kimoja, mgeni ambaye mkewe na watoto wako kwao shambani. Mwaka 1953 ikaundwa Bodi Kuu ya Nyumba, ili mabaraza ya miji yapate mikopo ya kujengea. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilitoa shauri ya kuwa mshahara wa mfanyakazi umtoshe yeye pamoja na jamaa yake, tena fedha ya nyumba ihesabiwe ndani yake. Baada ya Uhuru, mwaka 1967, bodi ile iligeuzwa kuwa Shirika la Taifa la Nyumba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 bado yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, au amwongezee fedha ya kutosha kodi. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema ya kuwa kila mtu ana haki ya kupata makao ya kufaa.

Basi haki iko. Lakini haki haisemi kodi iwe shilingi ngapi, na hapo ndipo penye kazi. Nyumba zilizojengwa na mabaraza ya miji zilirithiwa na serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Tena Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 imeleta tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara wote wa mfanyakazi, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Mwenye mapato yasiyo ya mshahara naye ameingizwa katika sheria hiyo. Kwa hiyo mkulima asiseme ya kuwa habari hii ni ya makarani. Fedha ni ya wote, na wote wana haki ya kuuliza hesabu yake.

Zipo njia kadha wa kadha za kupima kodi. Nitazieleza moja moja, kwa mfano wa nyumba mbili zilizo sawa katika safu moja. Katika ya kwanza akaa karani apataye Sh. 40,000/- kwa mwezi. Katika ya pili akaa mama auzaye mboga, naye hupata kama Sh. 8,000/-. Tuseme nyumba kama hizo hukodishwa kwa Sh. 7,000/- na wenye nyumba wa kawaida mjini. Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini kila msomaji aweza kutia majina ya watu awajuao.

Njia ya kwanza ni kodi moja kwa nyumba moja, bila kumtazama aliye ndani. Tuseme ni Sh. 2,000/-. Uzuri wake ni kwamba hesabu ni nyepesi, na karani wa kodi hana nafasi ya kupendelea mtu. Ubaya wake ni huu: karani atoa sehemu moja katika ishirini ya mapato yake, na mama atoa robo nzima. Tena kodi ikikaa miaka mingi bila kuguswa, haitoshi hata kununulia mabati mapya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tumeziona nyumba za umma ambazo ufa umekuwa ukuta, na ukuta umekuwa kifusi.

Njia ya pili ni kutoza bei ya soko, yaani Sh. 7,000/- kwa wote. Hapo fedha za matengenezo zitapatikana, na karani atalipa bila kufa njaa. Lakini mama hatabakiwa na kitu ila Sh. 1,000/- za kulisha watoto mwezi mzima. Atahama siku ile ile. Basi serikali itakuwa imejenga nyumba kwa jina la maskini na kuzikodisha kwa wenye mishahara.

Njia ya tatu ni kodi ifuatayo mapato. Huko Marekani jambo hili limejaribiwa kwa muda mrefu. Zamani nyumba za umma za huko zilitakiwa kujiendesha kwa kodi ya wapangaji. Gharama zilipopanda, kodi nayo ikapanda, hata mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma katika mji wa St. Louis wakagoma kulipa. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria iliyoletwa na Seneta Edward Brooke, kwamba mpangaji asitozwe zaidi ya robo ya mapato yake. Mwaka 1981 kipimo kikapandishwa hata asilimia 30.

Kwa kipimo hicho cha asilimia 30, mama wetu angelipa Sh. 2,400/-, na karani Sh. 12,000/-. Hapo shida mbili zaonekana mara moja. Kwanza, karani hatakubali kulipa Sh. 12,000/- kwa nyumba ya Sh. 7,000/-. Atatoka, na fedha yake itatoka naye. Kwa hiyo yafaa pawe na kikomo. Pili, mama akiongeza kibanda cha maandazi apate Sh. 1,000/- zaidi, Sh. 300/- zitakwenda kwenye kodi. Je, atakuwa na haraka ya kumwambia karani wa kodi habari za maandazi? Kijana wake akipata kazi, je, ataandikwa kuwa akaa pale, au itasemwa ya kuwa amekwenda kwa mjomba?

Na iko shida ya tatu, nayo ndiyo kubwa kwetu sisi. Mapato yapimwe kwa karatasi gani? Karani ana hati ya mshahara. Mpakiaji magunia Kitale ana kazi nyingi wakati wa mavuno, na miezi mingine hukaa bure. Mkulima wa miwa Bungoma hungoja mwaka mmoja na nusu au zaidi hata miwa ikomae, kisha hungoja malipo. Ukimpima mwezi wa malipo ni tajiri, na ukimpima mwezi ufuatao ni maskini. Ofisi itakayopima kila kaya kila mwaka itahitaji makarani wengi, na mlango wa hongo utakuwa wazi mchana na usiku.

Njia ya nne ni ya ngazi: kodi huanza chini mpangaji aingiapo, kisha hupanda kiasi kilichotangazwa kila mwaka, mapato yapande yasipande. Wapendao njia hii husema ya kuwa yamtia mtu bidii, kwa maana kila aongezacho ni chake. Ni kweli. Lakini ngazi haijui ya kuwa mtu ameugua, au mvua imekataa, au mume amefariki.

Njia ya tano ni ya madaraja. Wapangaji hugawanywa katika mafungu machache ya mapato, na kila fungu lina kodi yake. Hapana haja ya kujua kama mtu apata Sh. 8,000/- au Sh. 8,700/-, yatosha kujua fungu lake. Sheria ya mwaka 2024 imekwisha kutuonyesha mfano wa kugawanya kwa mafungu, maana imewaweka wenye mapato yasiyofika Sh. 20,000/- kwa mwezi katika fungu la nyumba za kijamii, na walio juu yao katika mafungu mengine. Ubaya wa njia hii upo mpakani: mtu akivuka mpaka kwa shilingi mia tu, kodi yake yaruka. Lakini mafungu yakipangwa vizuri, na tofauti baina yao ikiwa ndogo, ubaya huo wavumilika.

Wamarekani walifanya majaribio mengine tangu mwaka 2015 katika miji minne, yaani Lexington, Louisville, San Antonio na Washington. Jamaa waliosaidiwa kodi walipimwa mapato kila miaka mitatu badala ya kila mwaka, ili aongezaye kipato akae nacho kwa muda. Kwa jumla mapato hayakuongezeka kwa kiasi kikubwa kama ilivyotumainiwa, lakini kazi ya kupima na kuandika ilipungua. Mimi nalipata funzo hapo. Kodi peke yake haimpi mtu kazi. Lakini kodi iliyopangwa kwa akili yaweza kuondoa usumbufu, nao usumbufu ni gharama.

Sasa nitasema fikra zangu. Naona njia ya madaraja ndiyo itufaayo, kwa masharti manne. La kwanza, mafungu yawe machache, na mtu apimwe mara moja katika miaka mitatu. Ila mapato yakianguka aruhusiwe kuja ofisini siku yo yote. La pili, fungu la juu lilipe bei ya soko, wala si zaidi. Kwa mfano wetu, karani alipe Sh. 7,000/- zake. La tatu, fedha ya kodi iwekwe katika hesabu yake yenyewe kwa matengenezo, na hesabu hiyo ibandikwe ukutani mahali ambapo kila mpangaji aiona. Watu hawachukii kulipa kama wanavyochukia kutojua. La nne, orodha ya wanaongoja nyumba ibandikwe vilevile, na akutwaye amekodisha nyumba ya umma kwa mtu mwingine aiache.

Sharti hili la nne silitoi hewani. Miaka iliyopita nalikaa katika nyumba za umma za mji mmoja nisioutaja. Jirani yangu alikuwa mama mjane, muuza sukuma wiki, nasi tulilipa kodi sawasawa. Mwezi mmoja mtoto wake aliugua, akakosa kodi. Mwezi wa pili akakosa tena. Wa tatu akaletewa barua ya kutoka. Mwezi ule ule mimi nalikuwa nimelipa kodi yangu bila hata kukumbuka nimelipa. Majirani tulichanga akakaa. Lakini mwaka uliofuata alishindwa kabisa, akarudi kwao. Nyumba ile ikaandikwa jina la bwana mmoja ambaye hakulala humo hata usiku mmoja. Aliikodisha kwa wengine kwa kodi mara tatu ya ile aliyolipa mwenyewe. Kwa hiyo unafuu uliokusudiwa mjane haukupotea. Uliingia mfukoni mwa mtu asiyeuhitaji.

Najua makarani wenzangu watanikasirikia. Watasema, "Mshahara wetu nao ni mdogo, tuna karo na wazee nyumbani." Ni kweli, hata mimi ninayo karo. Lakini tuulizane kwa haki: mshahara ukiwa mdogo, dawa yake ni kudai mshahara, au ni kukalia nyumba ya mtu apataye moja ya tano ya mshahara huo? Mwajiri atuongeze fedha ya nyumba kama sheria isemavyo, nasi tulipe nyumba kwa bei yake.

Tulipita Kamukuywa na Webuye tukibishana, mzee na mimi. Tulipofika Bungoma nikamweleza madaraja yangu matano matano hata akachoka. Aliposhuka aliniambia, "Maneno yako ni mazuri, mwanangu. Basi wewe utaanza lini kulipa ya daraja lako?" Nikacheka, lakini kicheko hakikunitosha njia nzima ya kurudi.

Wasomaji walio na fikra nyingine, hasa wakulima na wafanya biashara ndogo ndogo, na waandike kwa maneno machache na mwandiko unaosomeka. Watuambie: mtu asiye na hati ya mshahara apimwe kwa njia gani iliyo ya haki? Hilo ndilo swali ambalo sisi wenye hati hatuwezi kulijibu peke yetu.

Nawatakia heri mpaka juma lijalo.