Kununua si Kujua

Jumamosi moja hapa Langas, mwalimu mwenzangu alinikuta na wanafunzi watano tumeizunguka meza yenye nyaya, chuma cha kulehemu na kifuniko cha chupa. Akaniuliza kwa huruma, "Mwalimu, kwa nini unawapotezea watoto wakati? Kitu hicho si kinauzwa?" Swali hilo ni la watu wengi, wala si la kijinga. Hata hivyo naliona kuwa ni mlango wa umaskini, na sababu zangu ni hizi.

Kitu chenyewe ni kirungu cha kutafutia masafa ya redio. Redio ya zamani ilikuwa na kirungu chake. Msikilizaji alikizungusha taratibu mpaka sauti ikanyooka. Siku hizi wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani wale wanaowasiliana hewani kwa kujifunza na si kwa kutafuta fedha, huendesha redio nyingi kwa tarakilishi. Lakini tarakilishi haina kirungu. Katika namna ya kurusha wanayoipenda sana, masafa yakikosewa kwa hetzi mia moja au mia mbili tu, sauti ya mtu hugeuka ya bata, na kipanya hakina utulivu wa kuinyoosha.

Dawa yake ni ndogo. Chini ya kifuniko mna enkoda yenye swichi mbili zinazofunga na kufunguka kwa kupishana. Ikitangulia ya kwanza, mkono umekwenda kulia. Ikitangulia ya pili, umekwenda kushoto. Maikrokontrola, yaani tarakilishi nzima iliyokusanywa katika kipande kimoja kidogo, huusoma mpishano huo na kupeleka habari kwa waya wa USB, na tarakilishi kubwa hudhani kwamba kibodi imebonyezwa. Maikrokontrola iitwayo ATmega32U4 huifanya kazi hiyo peke yake, na nafasi yake ya kuwekea programu ni kilobaiti 32 tu. Nani atasema kwamba hayo yamemshinda mwanafunzi wa sekondari?

Kirungu chetu cha kwanza kilisema uongo. Tulikizungusha hatua moja, masafa yakaruka hatua tatu. Wanafunzi walitaka kukitupa. Tulipochunguza tuliona kwamba vyuma vya swichi vinapogusana hurukaruka kwa muda mfupi mno, na maikrokontrola, kwa wepesi wake, ilikuwa ikihesabu kila mruko. Tukaiamuru ingoje milisekunde chache kabla ya kuamini. Uongo ukakoma. Sasa nauliza: somo hilo linauzwa katika duka gani? Anayenunua kirungu hupata kirungu. Anayekitengeneza hupata kirungu pamoja na akili ya kukitibu.

Wapinzani wana hoja ya pili, ya kwamba kazi za mikono ni za walioanguka mtihani. Hoja hii ni mbaya kuliko ya kwanza, maana inamdharau mtu. Mfumo wa 8-4-4 ulianzishwa mwaka 1985 kwa nia ya kuwapa vijana ujuzi wa kujitegemea. Sisi tukaugeuza kuwa mbio za alama. Fundi wa jua kali afufuaye redio iliyokufa twamhurumia. Kijana asiyeweza kubadili fyuzi twamwita msomi! Hata kanuni za redio za kimataifa zinapoieleza redio ya ridhaa hutaja kwanza kujifunza mwenyewe, ndipo kuwasiliana na kuchunguza mambo ya ufundi.

Sisemi kwamba mtu asinunue chochote. Enkoda na maikrokontrola tulizinunua, na hatuoni aibu. Wala sisemi kila mtu aanze kurusha sauti hewani. Jambo hilo linahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ingawa kirungu chenyewe hakirushi wimbi lolote. Nisemalo ni kwamba mtu anunue vipande, lakini asinunue fahamu, kwa kuwa haiuzwi.

Eldoret ilipandishwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Jiji ambalo vijana wake wanajua kununua tu ni soko la watu wengine. Basi wewe usomaye, tafuta nyumbani kitu kimoja kilichoharibika. Omba ruhusa ya mwenyewe, ondoa umeme, kisha kifungue ujue kilikufa kwa nini. Huenda usikifufue. Lakini utakapokifunika tena hutakuwa mtu yule yule aliyekifungua.