Mtani Hapimwi kwa Mizani Moja

Walimu wengi wa sekondari huipuuza michezo ya kompyuta ambayo mchezaji hujitwalia nafsi ya shujaa na kusafiri pamoja na wandani. Mwandani huyo ni mhusika aliyetungwa, mwenye tabia yake, apendaye na achukiaye. Hunena, hukasirika, na pengine huenda zake. Vijana humzungumzia kana kwamba wamesoma naye darasa moja. Kwa maoni yangu jambo hilo lastahili kuchunguzwa, na Wilaya ya Kilosa ni mahali pafaapo kuanzia.

Kwanza tutazame mwandani anavyofanya kazi. Katika Dragon Age: Origins, mchezo wa kampuni ya BioWare ya Kanada uliotolewa mwaka 2009, kila mwandani ana namba moja, kati ya -100 na 100, ionyeshayo jinsi anavyomridhia mchezaji. Ukitenda la kumpendeza, namba hupanda, ukimuudhi, hushuka, ukimpa zawadi, hupanda tena. (Mwalimu wa hisabati ameshaiona hatari: karaha yote yaweza kufutwa kwa zawadi za kutosha.) Watungaji wenyewe walitafuta njia nyingine. Katika Dragon Age II, ya mwaka 2011, waliweka urafiki upande mmoja na upinzani upande wa pili, hata mpinzani akaweza kubaki na kumheshimu mchezaji. Hatua hiyo ilikuwa njema, lakini mstari ulibaki mmoja: kadiri unavyoukaribia upande huu, ndivyo unavyouacha ule.

Huku Kilosa uhusiano wa namna nyingine umejulikana tangu zamani. Wakaguru, kama makabila mengi ya Tanzania, wana utani, na mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti miongoni mwao, aliandika juu yake mwaka 1966. Mtani hukukejeli mbele za watu, hukunyang'anya kitu chako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ukifiwa, mtani huyo huyo ndiye mwenye wajibu msibani: hushika kazi zinazowaelemea wafiwa, huwachekesha katikati ya machozi, kisha hudai ujira wake. Kejeli na wajibu havipunguziani. Huishi pamoja ndani ya mtu mmoja. Utie uhusiano huo katika mizani ya -100 hadi 100, na mtani wa kweli ataandikwa adui.

Kuna kasoro nyingine, ambayo nyani wa Mikumi wanaifichua vizuri. Nyani hao walianza kuchunguzwa na wanasayansi katika miaka ya 1970. Mchunguzi wa nyani hutazama jozi kwa jozi: nani amemsogelea nani, nani amemsafisha mwenzake manyoya. Kundi la nyani 30 lina jozi 435. Mchezaji na wandani wake 4 wana jozi 10, lakini aghalabu mchezo hutunza namba 4 tu, zile zinazomhusu mchezaji. Jozi 6 zilizobaki huachiwa mazungumzo machache yaliyoandikwa kabla. Kijana anayecheza huzoea ulimwengu ambamo kila mtu anaishi kwa ajili ya kumtazama yeye, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mapanga na mazimwi.

Sipendekezi michezo hiyo ipigwe marufuku. Napendekeza wanafunzi wanaojifunza kutunga programu wajaribu kumtunga mwandani wao wenyewe, mwenye namba mbili badala ya moja: kejeli na wajibu. Kejeli ipande kila wanapotaniana, na kupanda kwake kusiushushe wajibu hata kidogo. Kisha programu ijaribiwe kwa msiba: shujaa afiwe, tuone nani atakuja. Mwandani wa mizani moja, aliyekejeliwa mara 50, atakuwa ameshaondoka zamani. Yule wa namba mbili atafika wa kwanza, jembe begani, akimcheka shujaa kwa kulia vibaya na kuuliza ujira wake uko wapi.