"Nauza Kama Ilivyo" Haikuvui Dhima



Ndugu zangu, leo tuzungumze kuhusu maneno matatu ambayo yameingia karibu kila mkataba wa kuuziana gari hapa kwetu: "Nauza kama ilivyo." Muuzaji anayaandika, mnunuzi anasaini, mashahidi wanasaini, na muuzaji anaondoka akiamini amevuliwa dhima zote, za mahakamani na za Akhera. Mimi nasema hajavuliwa. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tuingie chini ya gari lenyewe, maana kuhukumu kitu usichokijua ni kupapasa gizani.

Magari ya familia tunayouziana kuanzia Bagamoyo mjini, Zinga, Kerege, Mapinga, mpaka Bunju na Tegeta, mengi ni yale yale: Nissan X-Trail, Toyota RAV4, Subaru Forester. Yametumika Japani, yakaja bandarini Dar, akayatumia mtu wa kwanza, wa pili, na wewe ni wa tatu. Gari la miaka kumi na tano lina uzee wake. Bushi zitakwisha, shokapu zitavuja, rejeta itachoka. Na sisi wa pwani tuna chumvi hewani. Lilaze gari karibu na bahari miaka michache, halafu chungulia chini uone mabomba ya breki yanavyoliwa na kutu. Hayo si makosa ya mtu. Anayenunua gari la mkononi ayatarajie, na akimaliza fedha zote kwenye bei bila kubakiza ya gereji, amejidhulumu mwenyewe.

Lakini yapo maradhi mengine, yale ambayo mwenye gari anayajua na mnunuzi hawezi kuyaona kwa macho.

Chukua X-Trail zilizotengenezwa kati ya mwaka 2007 na 2013. Nyingi zina giaboksi ya CVT. Hii haina meno ya gia kama tulizozizoea. Ndani kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Inataka hydroliki yake maalumu. Ukiwekewa ya kawaida kwa sababu ni nafuu, mkanda unaanza kuteleza na kula puli. Dalili zake: gari linatetemeka likianza kuondoka, linatoa mlio kama wa nyuki, na likishapata joto barabarani linakosa nguvu, unakanyaga mafuta halitaki. Likipoa, linakuwa zima kabisa! Hapo ndipo penye mtego. Muuzaji anakuzungusha mitaa miwili gari likiwa baridi, unarudi unatabasamu.

Subaru Forester za zamani, hasa za injini ya 2.5, zinajulikana kwa gasketi za silinda hedi kuvuja. RAV4 zilizoanza mwaka 2000, baadhi zinalegea boliti za silinda hedi, nyuzi zinakwisha kwenye bloku, na gari linachemsha. Fundi wa mtaani anaongeza maji, anakwambia ni rejeta. Mwezi wa pili injini inafunguliwa. Na mkishafungua injini, au mkitafuta giaboksi nyingine Gerezani, hamuongelei tena laki. Mnaongelea milioni, na ile ya mtumba unayofunga nayo hujui imetembea kiasi gani.

Sasa angalia wanavyofanya watu wakitaka kuuza. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Anamwita kijana mwenye mashine, anaifuta, itarudi baada ya siku chache lakini gari litakuwa limeshauzwa. Injini inakula oili. Anaweka oili nzito ili moshi usionekane na mlio utulie. Kilomita zinarudishwa nyuma. Injini inaoshwa ing'ae ili pasionekane pa kuvuja.

Kisa cha rundo la chakula lililokuwa limelowa ndani, sokoni Madina, mnakijua nyote, sitakirudia. Nataka niwakumbushe kingine kisichotajwa sana. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kumwacha ngamia au mbuzi siku kadhaa bila kukamuliwa, chuchu zijae, ili mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mafakihi wanaita tasriya. Na aliyeuziwa mnyama wa namna hiyo akapewa hiari: akitaka abaki naye, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Tazama, muuzaji yule hakutamka uongo hata mmoja. Alinyamaza tu, akaacha chuchu ziseme uongo kwa niaba yake. Kufuta taa ya injini asubuhi ya kuuza kuna tofauti gani na kufunga chuchu za mbuzi? Mimi sioni.

Nililetewa kesi ya aina hii, majina nayahifadhi. Mzee mstaafu alinunua X-Trail kwa sehemu ya kiinua mgongo chake, kwa ajili ya kumpeleka mkewe kliniki Dar. Siku ya tano, wamepita Bunju, gari likagoma kupanda. Akaliacha gereji, hakuliendesha tena, akampigia muuzaji siku ile ile. Makadirio ya giaboksi na ufundi: milioni mbili na laki tatu. Fundi akalitambua gari: mwezi uliopita alimpa mwenye gari wa kwanza makadirio hayo hayo. Muuzaji alipokuja msikitini akatoa mkataba na kuweka kidole kwenye maneno yale matatu. Nikamuuliza swali moja tu, "Ulijua?" Akasema, "Sheikh, lakini alisaini."

Katika madhehebu yetu ya Shafi, sharti la kujivua na kasoro lina nafasi finyu mno: kasoro iliyojificha ndani ya mnyama, na muuzaji awe hakuijua. Gari si mnyama, na yeye alijua. Mzee alikuwa na haki ya kurudisha, kwa kuwa hakuchelewa. Zingatia hilo: ukigundua kasoro ukaendelea kupiga nayo misele wiki tatu, umeridhika nayo. Fedha zilikuwa zimeshaliwa, basi wakasuluhishana muuzaji alipe giaboksi kwa awamu. Awamu ya tatu bado naifuatilia.

Na wewe dalali, usijifiche nyuma ya mwenye gari. Anayeijua kasoro, hata kama si muuzaji, anapaswa kumwambia mnunuzi. Fundi pia. Kuna mafundi wanaletwa kukagua gari kwa niaba ya mnunuzi, kumbe wameshatumiwa kitu na muuzaji. Huyo amekula pande mbili. Wala usiniambie unaogopa kusengenya. Kumnasihi anayetaka kununua hakumo katika usengenyaji.

Mnunuzi, dai kukuta injini ya baridi, haijawashwa siku ile, usikie inavyoamka. Kisha liendeshe mpaka lipate joto sawasawa, Bagamoyo hadi Mapinga na kurudi, ukiwa na fundi uliyemlipa wewe. Halafu tumia haki ambayo wengi hatuitumii: khiyari ya sharti. Mkubaliane, na muandike, kwamba una hiari ya siku tatu kulirudisha na kupewa fedha zako zote. Muuzaji mkweli hatababaika. Akikataa kata kata, umeshapata majibu bila kulipa fundi.

Na mwenye gari la kuuza wiki hii, futa yale maneno matatu. Andika mahali pake: giaboksi inatetemeka ikipata joto, inakula oili nusu lita kwa mwezi, kiyoyozi hakipoi. Bei itashuka, naam. Laki nane, pengine milioni. Hiyo iliyopungua haikuwa yako.

Wallahu a'lam. Wenye maswali ya mikataba waniandikie baada ya Isha, nitajibu mmoja mmoja.