Soketi ya betri kwenye jenereta ni ya dharura, si ya biashara

Umeme wa gridi umeenea vijijini kuliko ilivyokuwa wakati Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulipoanza kazi mwaka 2007. Hata hivyo, viko vitongoji ambavyo nguzo bado hazijafika, na hata penye nguzo umeme hukatika. Mgawo wa mwaka 2006, ule wa 2011 na ule ulioanza mwishoni mwa 2023 uliwaachia wafanyabiashara wadogo somo moja: asiye na akiba ya umeme hufunga duka mapema. Ndiyo maana jenereta ndogo ya petroli, ile inayobebwa kwa mkono mmoja, haijaondoka madukani.

Katika kata ya Mpuguso, wilayani Rungwe, kama ilivyo katika maeneo mengine ya kuzunguka Tukuyu, hali ya hewa inaongeza sababu nyingine. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na siku nyingi mawingu hayaachii. Paneli ya sola inayotosha mwezi Agosti haitoshi mwezi Machi. Wakati huo huo, mkulima wa ndizi au parachichi ambaye simu yake imezimika hapati habari za mnunuzi, na wakala wa fedha za simu asiye na chaji hana kazi siku hiyo. Betri ni lazima ijae, na aliyekosa jua hugeukia jenereta.

Hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha bila kujua. Jenereta nyingi ndogo zina soketi mbili. Moja inatoa umeme wa volti 230 kama wa nyumbani. Nyingine imeandikwa “12V DC” na ni ya kuchajia betri. Mnunuzi akiona ile ya pili huamini kuwa amepata mashine ya kuchajia betri, hivyo hana haja ya kununua chaja.

Ukweli ni kwamba soketi hiyo kwa kawaida hutoa ampea 8 tu, yaani karibu wati 100. Nguvu hiyo ni sawa na ya paneli moja ya wati 100 jua likiwa utosini. Tofauti ni kwamba jua halinunuliwi kwa lita.

Ichukuliwe betri ya ampea-saa 70, ambayo mafundi huiita N70, iliyotumika hadi nusu. Inahitaji kurudishiwa ampea-saa 35, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea njiani, hesabu inafika karibu 40. Kwa ampea 8, mashine itanguruma saa tano. Ikinywa nusu lita kwa saa, ni lita mbili na nusu. Kama lita ni shilingi 3,000, betri moja imegharimu shilingi 7,500.

Nusu hiyo ya betri ina kama wati-saa 420. Simu janja moja yenye betri kubwa huhitaji takriban wati-saa 25, ukijumlisha umeme unaopotea. Hizo ni simu 16 au 17. Kila simu ikilipiwa shilingi 300, mapato hayazidi sana shilingi 5,000. Mwenye kibanda amepata hasara ya karibu shilingi 2,500, na bado hajahesabu oili, plagi na uchakavu wa mashine. Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa inapotelea ndani ya tangi la petroli.

Dawa yake si kuitupa jenereta, bali kuipa kazi inayolingana na mafuta inayokunywa. Injini ndogo hutumia petroli nyingi hata inapofanya kazi kidogo. Mashine yenye uwezo wa wati 650 inayowashwa ili itoe wati 100 ni sawa na kukodi lori ili kupeleka mkungu mmoja wa ndizi sokoni.

Njia iliyo bora ni kutumia soketi ya volti 230 na chaja nzuri za betri. Chaja mbili za ampea 10 kila moja hutumia pamoja kama wati 350, na zinaweza kurudisha betri mbili za N70 zilizofika nusu kwa takriban saa nne. Hata kama mashine itakunywa lita 0.6 kwa saa kwa sababu ya mzigo huo, ni lita 2.4, yaani shilingi 7,200 kwa betri mbili badala ya 7,500 kwa betri moja. Simu zinazochajiwa hapo ni zaidi ya 30, na mapato yanakaribia shilingi 10,000. Nguvu inayobaki inatosha kuendesha mashine ya kunyolea kwa muda wote huo.

Asiye na betri mbili anao majirani. Vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kupanga siku moja au mbili kwa wiki, kaya zikaleta betri zao mahali pamoja, jenereta ikawashwa mara moja na gharama ya mafuta ikagawanywa. Miezi ya kiangazi sola itafanya kazi hiyo, na jenereta ibaki kuwa msaidizi wa masika.

Ipo tahadhari inayowahusu zaidi watu wa nyanda za juu. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Tukuyu iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hivyo jenereta iliyoandikwa wati 650 haitazamiwi kutoa zaidi ya wati 540 hivi. Anayeibebesha mzigo wote ulioandikwa kwenye kibandiko anaiua mapema.

Soketi ya betri nayo ina mahali pake. Gari au trekta lililokataa kuwaka shambani linaweza kuokolewa nayo. Lakini ikumbukwe kuwa soketi hiyo kwa kawaida haina kifaa cha kukata umeme betri inapojaa. Betri ikiachwa usiku kucha itachemka, maji yatakauka na sahani zitaharibika. Kipimo cha volti si ghali: kikifika karibu volti 14.4 wakati wa kuchaji, ni wakati wa kusimamisha. Betri iliyopumzika ikisoma 12.2, imefika nusu na isitumiwe zaidi. Simu, redio na betri za lithiamu zisiunganishwe kabisa moja kwa moja na soketi hiyo. Waya ziunganishwe na kuondolewa injini ikiwa imezimwa, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi.

Lililo zito kuliko yote ni uhai. Mvua ya Rungwe humshawishi mtu kuingiza jenereta ndani ya duka au barazani karibu na dirisha. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu waliolala kabla hawajashtuka. Mashine ikae nje, mbali na milango na madirisha, chini ya kibanda kilicho wazi pande zote. Betri inayochajiwa nayo hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, hivyo sigara na kibatari vikae mbali. Petroli isiongezwe injini ikiwa ya moto.

Wauzaji wana wajibu wao. Mnunuzi aelezwe kwa Kiswahili, kabla hajalipa, soketi ya betri inatoa ampea ngapi, na kama injini ni ya kuchanganya oili na petroli au ina sehemu yake ya oili. Zile za kuchanganya mara nyingi huhitaji mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, na akikosea hapo injini itakufa kabla haijarudisha bei yake. Halmashauri nazo ziwahimize maofisa ugani na wa maendeleo ya jamii kuzungumza hesabu hizi kwenye mikutano ya vijiji, kama wanavyozungumza mbolea na mbegu.

Petroli ni pembejeo kama zilivyo nyingine. Kabla ya kuvuta kamba, mwenye jenereta ajiulize lita moja itamrudishia shilingi ngapi.