MAONI: Derwent ilizama, jina lake likabaki. Na vijiji vya Masisi je?

Mtu akitaja utalii huku Kivu ya Kaskazini, wengi hufikiria gorila, moto wa Nyiragongo na mzungu mwenye kamera ndani ya jeep. Kwa mama aliyetoka Masisi usiku na watoto watano na sufuria moja, utalii ni neno la watu walioshiba. Ana haki ya kusema hivyo. Lakini kuna eneo moja huko Uingereza ambalo watu wake wamegeuza maumivu ya wanavijiji wa kawaida kuwa mahali pa kutembelewa, na familia zilizopita Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala zina sababu ya kulijua.

Eneo hilo linaitwa Peak District. Liko katikati ya nchi, kati ya miji mikubwa ya Manchester na Sheffield. Kwa macho ya mtu wa Kivu, si mahali pa ajabu. Sehemu yake ya juu kabisa, Kinder Scout, ina mita 636. Mji wa Goma wenyewe uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maana yake mama anayeuza sambaza kandokando ya ziwa amesimama juu mara mbili kuliko Mwingereza aliyefika kileleni akapiga picha kwa furaha. Tembo hakuna, gorila hakuna. Kuna kondoo, kuta za mawe, mvua na matope.

Hata hivyo watu wanakuja kwa mamilioni. Wanaingia kwenye mapango ya Castleton, moja likipitwa kwa mashua chini ya ardhi, na kununua vito vya jiwe la buluu na njano liitwalo Blue John. Wanatembelea jumba kubwa la Chatsworth, wanakula kitamutamu cha lozi na jamu katika mji wa Bakewell, wanaendesha baiskeli juu ya njia za zamani za treni. Karibu na mlima Mam Tor kuna barabara ya lami iliyovunjwavunjwa na mporomoko wa udongo. Serikali iliitengeneza mara nyingi, ikachoka, ikaifunga mwaka 1979. Leo watu wanakwenda kutazama lami iliyopasuka. Wakaaji wa Bukavu wakisikia hayo watacheka, maana wao barabara za namna hiyo wanazo bure.

Yanayofaa kusemwa kwa urefu ni mengine. Ni habari za vijiji viwili na mlima mmoja.

Kijiji cha kwanza ni Eyam, jina linalotamkwa Im. Mwaka 1665 ugonjwa wa tauni uliingia humo, inasemekana ndani ya vitambaa vilivyotumwa kutoka London kwa mshona nguo. Watu wakaanza kufa. Mwaka uliofuata mchungaji wa kanisa, William Mompesson, aliwaomba wanakijiji wasikimbie, ili wasipeleke ugonjwa kwa majirani. Lakini Mompesson alikuwa mgeni, na watu hawakumpenda sana. Basi alikwenda kwa mchungaji aliyekuwako zamani, Thomas Stanley, ambaye serikali ilikuwa imemwondoa kazini kwa sababu ya mambo ya dini, lakini wanakijiji walikuwa bado wanamsikiliza. Wawili hao, ambao hawakuwa upande mmoja, walisimama pamoja mbele ya watu. Kijiji kikakubali kujifunga.

Chakula kililetwa na watu wa nje na kuachwa mpakani. Malipo yaliwekwa ndani ya matundu ya jiwe yaliyojazwa siki, kwa imani kwamba siki inaua ugonjwa kwenye pesa. Ibada zilifanyika nje, chini ya anga, watu wakisimama mbalimbali. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alimzika mume wake na watoto wake sita ndani ya siku nane, kwa mikono yake mwenyewe. Mke wa Mompesson alikufa vilevile. Watu 260 walikufa kabla ugonjwa haujaisha mwishoni mwa 1666.

Watu wa Beni na Butembo hawahitaji kuelezwa habari hiyo mara mbili. Ebola iliyotangazwa mwezi wa nane 2018 iliua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kumalizika mwezi wa sita 2020. Nao walikatazwa kuzika kwa mikono yao, walinawa mikono kwenye kila kizuizi, waliona wageni waliovaa nguo za plastiki wakishuka kwenye magari mapya. Katika mitaa mingi wageni hao walirushiwa mawe. Tofauti na Eyam haikuwa ujinga wa watu, kama wengine walivyopenda kusema. Timu nyingi zilianza kazi bila kumtafuta Thomas Stanley wao, yaani yule mzee, mama au mchungaji ambaye mtaa unamwamini hata kama ofisi haimpendi. Pale alipotafutwa, mambo yalitengenea.

Leo Eyam ina museo. Kwenye nyumba za mawe kuna vibao vyenye majina ya waliokufa humo. Makaburi ya familia ya Hancock yamezungushiwa ukuta katikati ya shamba, na kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa nane, kuna ibada ya ukumbusho mahali palepale watu waliposimama mbalimbali. Mtalii anayefika pale anasoma majina ya wakulima, watoto na washona nguo. Beni ina watu wengi zaidi wa kukumbukwa kuliko Eyam. Nani ameandika majina yao kwenye ukuta?

Mlima ni ule Kinder Scout. Karibu miaka mia moja iliyopita mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuupanda. Ulikuwa mali ya matajiri waliokuja siku chache kwa mwaka kuwinda ndege wanaofanana na kware, na walinzi wao waliwafukuza watu kwa fimbo. Vijana wa viwanda vya Manchester, waliovuta moshi juma zima, walitaka hewa safi siku ya Jumapili tu. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia yao waliupanda kwa nguvu, wakiongozwa na kijana wa miaka 20, Benny Rothman. Watano walifungwa jela. Lakini sheria ya mbuga za taifa ilikuja mwaka 1949, na 1951 Peak District ikawa mbuga ya kwanza ya taifa nchini humo. Mwaka 2002 Mtemi wa Devonshire, ambaye babu yake alikuwa mwenye ardhi ile, aliomba msamaha hadharani.

Msomaji wa Rutshuru au Nyiragongo hapa atainua kichwa. Virunga iliundwa na Wabelgiji mwaka 1925, miaka 26 kabla ya Peak District. Tangu wakati huo mkulima na mvuvi wanakutana na mlinzi wa mbuga, na mara nyingi hawaachani vizuri. Katika Peak District wanaishi watu karibu 38,000 ndani ya mbuga, wenye mashamba, shule na makanisa, na hakuna mlango wa kulipia. Neno mbuga linatumika pande zote mbili, lakini mambo si yaleyale.

Isidhaniwe kwamba dawa ni kufungua Virunga kwa panga na misumeno. Kondoo wa Kiingereza na gorila wa Virunga si kitu kimoja, na Kinder haina makundi ya silaha msituni wala biashara ya makala inayolisha vita. Walinzi wengi wa Virunga wameuawa kazini, na wao pia ni watoto wa vijiji hivyohivyo. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo wenye mbuga wangeweza kulifikiria. Wageni wengi wa Peak District si watu wa mbali. Ni majirani wa Manchester na Sheffield wanaokuja kwa treni hadi Edale wakiwa na mkate ndani ya mfuko, wanatembea, wanarudi jioni. Huku, tiketi ya kuona gorila imekuwa ya mamia ya dola. Mwezi wa tano 2018 Waingereza wawili walitekwa karibu na Goma na mlinzi mmoja akauawa, mbuga ikafungwa kwa wageni hadi 2019. Ikifungwa hivyo, mtoto wa Kibumba haoni tofauti yoyote, kwa sababu hakuwahi kuingia. Siku amani ikirudi, siku chache kwa mwaka za watoto wa shule za jirani kuingia na kuelezwa na mlinzi mwenyewe zingefanya kazi ambayo bunduki haijaweza.

Kijiji cha pili ndicho kinachowahusu waliohama.

Kwenye bonde la mto Derwent kulikuwa na vijiji viwili, Derwent na Ashopton. Miji ya Sheffield, Derby, Nottingham na Leicester ilikuwa na kiu. Mwaka 1935 kazi ya kujenga barrage ya Ladybower ilianza, na kuanzia 1943 maji yakapanda. Mfalme George wa Sita alikuja kuifungua mwaka 1945. Wakaaji walihamishwa, wengi wakapewa nyumba mpya chini ya ukuta wa barrage. Wafu walifukuliwa makaburini na kuzikwa upya katika kijiji cha Bamford. Daraja la mawe la zamani lilibomolewa, mawe yake yakatiwa nambari, na baadaye likajengwa tena juu zaidi kwenye mto uleule. Mnara wa kanisa uliachwa umesimama katikati ya maji hadi 1947, ndipo ukalipuliwa.

Ukame ukija, kama 1976, 1995 na 2018, maji yanashuka na mabaki ya Derwent yanaonekana: mawe ya nyumba, misingi, njia. Mwaka 2018 umati ulikwenda kuangalia. Mtu mmoja alinasa kwenye matope mpaka waokoaji wakaja kumvuta, na wengine waliandika majina yao juu ya mawe ya kijiji. Hapo ndipo kumbukumbu inapogeuka kuwa mchezo, na Waingereza wenyewe walilalamika.

Watu wa Derwent walijua miaka mingi mapema kwamba wataondoka. Walihesabiwa, walihamishiwa nyumba zenye paa, hata marehemu wao walibebwa. Familia ya Masisi inaondoka saa nane ya usiku kwa mlio wa risasi na inaacha kaburi la mtoto chini ya mti ambao hakuna ramani inayouonyesha. Kwa hiyo kulinganisha ni kwa kadiri. Lakini Derwent inajulikana leo kwa sababu kulikuwa na picha, vitabu vya kanisa, orodha ya nyumba na watu waliozieleza. Kijiji cha Masisi ambacho hakijaandikwa popote kitazama bila maji.

Wengine watasema mtu mwenye njaa hahitaji historia, anahitaji unga. Ni kweli anahitaji unga, na wanaougawa waugawe kwa haki. Ila siku ya kurudi swali la kwanza halitakuwa unga. Litakuwa: shamba hili ni la nani? Wengi waliorudi kipindi fulani cha utulivu walikuta mwingine amelima, amejenga, ana karatasi mpya yenye mhuri. Mzee aliyejua mpaka unapita kwenye mringa upi alifia kambini. Pale ambapo hakuna cheti cha ardhi, ushahidi uliobaki ni kumbukumbu ya majirani, na majirani wametawanyika kutoka Minova hadi Uganda.

Kazi hiyo haihitaji mradi wa dola. Daftari la shule na kalamu vinatosha kuanza, na walimu waliohama na wanafunzi wao wapo, wengi bila kazi. Machifu na wazee wanaweza kuitwa, kila kijiji siku yake. Redio za mitaa zinaweza kurekodi wazee wakitaja vilima na mito ya kwao, kwa sauti zao. Kuna hatari moja ya kuangaliwa sana: katika vita, orodha ya majina ya watu hai inaweza kuua. Kwa hiyo mahali paandikwe kwanza, pamoja na wafu waliozikwa pale. Walio hai wasubiri, na daftari lisizungushwe mikononi mwa kila anayeliomba, awe na silaha au awe na gilet ya shirika.

Maswali ya kuanzia hata mtoto wa darasa la sita anaweza kumuuliza nyanya yake jioni hii. Chemchemi iliitwaje? Soko lilikuwa siku gani? Kanisa lilitazama kilima kipi, na shule ilikuwa na vyumba vingapi? Shamba la babu liliishia wapi, na jirani wa upande wa mto alikuwa nani kabla ya vita ya kwanza?