Shamba la Anathothi na hofu ya kesho

Na Grace Mollel

Mstari wa Yeremia 29:11 umebandikwa kila mahali: nyuma ya daladala, kwenye kalenda za ukutani, kwenye kadi za mahafali. Watu wanaupenda kwa sababu unaahidi kwamba Mungu anawawazia watu wake mema na kwamba siku zijazo zina tumaini. Nami naupenda. Kinachonisumbua ni namna tunavyoung'oa kutoka kwenye barua ulimoandikwa. Barua hiyo ilipelekwa kwa watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka Yerusalemu hadi Babeli mnamo mwaka 597 kabla ya Kristo, na mistari michache kabla ya ahadi hiyo wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea amani mji wa adui aliyewateka, maana itapita miaka 70 kabla ya kurudi. Watu wazima waliosomewa maneno hayo walielewa kwamba watazikwa ugenini. Katika sura inayotangulia yumo nabii mwingine, Hanania, aliyehubiri kwamba mambo yote yatakwisha ndani ya miaka 2. Mahubiri ya Hanania yalikuwa matamu zaidi, nayo yalikuwa ya uongo.

Nimeanzia hapo kwa sababu siku hizi tumaini linahubiriwa kwetu kwa namna ya Hanania: kiri kwa kinywa, toa mbegu, kataa habari mbaya, na mwezi huu hautaisha kabla hujavuka. Muumini anayelishwa hivyo hubaki na wasiwasi wake ule ule, na juu yake huongezewa aibu ya kuonekana hana imani. Mimi naamini Mkristo anaweza kuyachagua mawazo ya tumaini, na kwamba ameagizwa kufanya hivyo. Lakini tumaini hilo huanza kwa kuitazama hali ilivyo, halafu hutafuta jambo la kutenda leo kwa kutegemea neno la Mungu. Mwenye wasiwasi naye anaitazama hali hiyo hiyo, pengine kwa makini kuliko wote. Shida yake ni kwamba akili yake inafanya kazi usiku kucha na asubuhi hakuna kilichofanyika.

Yeremia mwenyewe ndiye mfano ninaouona bora kuliko yote. Katika sura ya 32, jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, naye amefungwa katika ua wa walinzi kwa amri ya mfalme Sedekia, kosa lake likiwa ni kusema kwamba mji utaanguka. Humo kifungoni anafuatwa na Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo, akimtaka anunue shamba la ukoo huko Anathothi. Hakuna dalali ambaye angelisifia shamba lililo nje ya mji uliozingirwa. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, anatia sahihi hati mbele ya mashahidi, anaifunga kwa muhuri, kisha anamwagiza karani wake Baruku aziweke hati zote mbili, iliyofungwa na iliyo wazi, ndani ya chombo cha udongo ili zidumu, kwa kuwa Bwana amesema mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Baada ya malipo ndipo anaomba, na sala yake imejaa mshangao: maboma ya adui yamefika ukutani, nawe Bwana umeniambia ninunue shamba? Alikuwa bado anahoji, na fedha ilikuwa imeshatoka. Mji uliteketezwa kama alivyosema, yeye akachukuliwa hadi Misri, na Biblia haituambii kama aliwahi kulilima shamba lile.

Wapo watakaosema mawazo hayachaguliki. Yanakuja yenyewe saa nane za usiku. Ni kweli kwamba wazo la kwanza haliombi ruhusa. Lakini Paulo alipowaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, aliwataka wazitaje haja zao kwa Mungu pamoja na shukrani, kisha akawapa orodha ya mambo ya kuyatafakari, na la kwanza katika orodha hiyo ni mambo ya kweli. Kipimo hicho kina nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Penn State cha Marekani walichapisha utafiti mdogo wa watu 29 wenye tatizo la wasiwasi uliokithiri, walioandika hofu zao kwa siku kadhaa kisha wakafuatilia kuona zipi zimetimia. Takriban asilimia 91 hazikutimia. Idadi ya watu ni ndogo, siwezi kuitwisha mzigo mkubwa, lakini inaonyesha kwamba wasiwasi, unaojisifu kuwa mkweli, hutabiri vibaya.

Pingamizi zito zaidi ni la mama lishe mwenye mkopo wa kausha damu. Marejesho yake ya Ijumaa si hofu ya kufikirika, na kumwambia awaze mema ni kumtukana. Nakubaliana naye. Ila Yesu, alipowaambia wanafunzi wake wasiisumbukie kesho, alikuwa akisema na watu wa kipato cha siku kwa siku katika nchi iliyotawaliwa na Rumi, na katika sura hiyo hiyo ya Mathayo aliwafundisha kuomba riziki ya leo. Hakuwaambia deni halipo. Aliibeba kesho akaitoa mikononi mwao ili mikono iweze kushika ya leo: kuandika deni lote kwenye daftari, kwenda kwa mkopeshaji kabla ya Ijumaa badala ya kuzima simu, kuwaeleza wenzake wa kikoba ukweli wote. Kila mojawapo ya hatua hizo inahitaji ujasiri ambao hofu imeshaula, na hapo ndipo imani ina kazi ya kufanya.

Na aliye mgonjwa? Wasiwasi unaomnyima mtu usingizi na chakula kwa wiki nyingi ni ugonjwa, unatibiwa hospitali, na mchungaji anayeuita dhambi anatenda dhuluma. Eliya alipolala jangwani chini ya mti akiomba afe, malaika hakumkemea kwa uhaba wa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Harare nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi na wenye mawazo mazito, kuwasikiliza, kisha kuchagua nao tatizo moja na hatua ya kulikabili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 573 katika kliniki 24, ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Makanisa yetu yana wazee wa kanisa, akina mama wa umoja wa wanawake, jumuiya za mitaani na mabenchi yanayobaki matupu ibada ya pili ikiisha. Kabla ya kutangaza mkesha mwingine wa kuvunja roho ya hofu, uongozi ungewafundisha watu kumi tu wa usharika kusikiliza namna hiyo, na kuwapa namba ya kliniki iliyo karibu kwa wale wanaohitaji dawa.