Mbwa wa miguu mitatu si wa kuchekwa

Mbwa alindaye shamba la mpunga kule Vanga hana ulimi wa kumweleza bwana wake kwamba mfupa unamwuma. Huchechemea tu. Watu husema ameteguka, akakandwa kwa maji moto, na siku hupita huku uvimbe ukikua.

Kuteguka hupona hivyo. Saratani ya mfupa haiponi. Maradhi haya huwapata zaidi mbwa wenye maumbo makubwa, na mara nyingi huanzia miguuni. Daktari wa mifugo akiyathibitisha, huweza kushauri mguu ukatwe chini ya nusukaputi. Mwenye mbwa hushtuka, akidhani anaambiwa amtese kiumbe wake. Kumbe kinachomtesa ni mguu wenyewe. Mbwa haoni haya ya kilema. Baada ya majuma machache hukimbia kwa mitatu.

Hata hivyo tusijidanganye. Mara nyingi maradhi huwa yamekwisha kufika mapafuni, na upasuaji peke yake huongeza miezi, si miaka. Asiyemudu gharama asione aibu kuomba mnyama wake afishwe kwa sindano, bila ya uchungu. La aibu ni kumwacha ajikokote uani akingoja mauti. Sheria ya Kenya, Sura ya 360, yakataza ukatili kwa wanyama. Nayo hadithi ya Mtume yatusimulia mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Walimu, wafunzeni watoto kumtazama vyema mbwa anayechechemea, kabla hawajaokota jiwe.